Mbwa Aliyemchelewesha Bwana Wake

Pengine una kikombe cha chai mkononi na watoto wanazozana sebuleni. Kabla hujakimaliza kikombe hicho, twende pamoja hadi kunakotoka majani yake, kwenye vilima vya Kericho na Bomet, tukamwangalie mbwa mmoja na kijana aliyemfuga. Nakuonya mapema kwamba mazungumzo ya leo ni mazito, kwani yanahusu watu wanaofikiria kujitoa uhai. Hata hivyo usifunge ukurasa, kwa maana huenda mwenye kuyahitaji yumo nyumbani mwako.

Kijana huyo sitamtaja jina. Aliniruhusu kusimulia yake kwa sharti hilo, nami nimelikubali. Kwao ni upande wa Konoin, katika Kaunti ya Bomet, ambako mashamba madogo ya wenyeji yanapakana na mashamba makubwa ya kampuni. Kwa miaka kadhaa alikuwa mchunaji chai katika mojawapo ya mashamba hayo makubwa. Ukipita barabara za huko utawaona wenzake: kikapu mgongoni, aproni ya plastiki kiunoni kwa sababu ya umande, vidole vikikimbia juu ya vichaka na kudokoa majani mawili na chipukizi. Malipo yao ni kwa kilo.

Kisha zikaja mashine za kuchunia, moja ikifanya kazi ya watu wengi. Utakumbuka jinsi hasira zilivyopanda hadi mashine kadhaa zikateketezwa huko Kericho mwezi wa Mei 2023. Kijana wetu hakuteketeza kitu. Alipoambiwa kazi imekwisha, alifunga virago vyake akarudi kwao, akiwa na deni la pikipiki aliyoikopea kwa kutegemea mshahara ule ule.

Akiba haba haikujaza kibaba chake. Pikipiki ikachukuliwa na wadai. Mchumba akaacha kupokea simu. Kanisani akaona haya kwenda, maana wadai wengine walikuwa waumini wenzake. Kaka zake wakaanza kunong'ona kwamba amekuwa mvivu, kwa sababu jua lilikuwa likifika utosini kabla hajatoka nje. Hakuna aliyejua kwamba usiku kucha hakuwa akipata hata lepe la usingizi.

Aliyekuwa karibu naye wakati huo wote ni Popi, mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala. Alikuwa amemwokota akiwa kidogo sana, kando ya kituo cha kununulia majani chai, amelowa chapachapa kwa mvua ya alasiri. Alimtia ndani ya koti akampeleka nyumbani, na tangu siku hiyo wakawa hawaachani.

"Nilikuwa nimeshaamua," kijana huyo aliniambia, akiitazama ardhi. "Lakini kila asubuhi niliyosema ndiyo ya mwisho, namsikia Popi akikwaruza mlango. Najiambia, wacha nimpe ugali kwanza. Nikisha kumpa ugali, naona maji yake yameisha. Nikienda kuteka maji nakutana na watu, wananisalimu, na siku inapita. Popi hakuniponya. Popi alinichelewesha."

Msomaji, neno hilo la mwisho nimelibeba moyoni tangu niliposikia. Kuchelewesha! Sisi tumezoea kulitumia neno hilo kwa ubaya: basi limenichelewesha, karani amenichelewesha. Lakini wanaowatibu watu wenye mawazo ya kujitoa uhai watakuambia kwamba kumchelewesha mtu ni nusu ya kazi ya kumwokoa. Mawazo hayo huja kama wimbi. Hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Mtu aliye kileleni huona giza tupu na kuamini kwamba litadumu milele. Akivushwa saa ile moja, mara nyingi wimbi hupungua nguvu, na hapo ndipo msaada mwingine unapoweza kumfikia.

Naye mnyama ana njia zake za kuivuta saa hiyo. Kwanza, ana njaa, na njaa yake haingoji. Pili, hana maswali. Hamwulizi bwana wake kazi imekwenda wapi wala deni limebaki kiasi gani. Tatu, humtoa nje mtu aliyejifungia, na nje kuna watu. Nne, ana joto la mwili. Aliyelala peke yake katika nyumba baridi ya mabati kwenye vilima vile anajua thamani ya kiumbe kinachopumua karibu na miguu yake.

Haya si maneno ya mapenzi tu ya wafugaji. Mnamo mwaka 1796 huko York, Uingereza, waumini wa Kikweka, wale ambao kwetu Kenya tunawajua kama Kanisa la Marafiki, walifungua makao ya wagonjwa wa akili. Wakati ambapo kwingineko wagonjwa kama hao walikuwa wakifungwa minyororo, kwenye nyua za makao hayo waliwekwa sungura, kuku na ndege wengine ili wagonjwa wawe na viumbe wa kuwaangalia na kuwatunza. Karne mbili baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wataalamu wa Manchester waliwahoji watu 54 wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Waliwapa mchoro wa duara tatu, moja ndani ya nyingine, wakawaomba waandike yale yanayowasaidia kuishi, yenye uzito zaidi yakae katikati. Miongoni mwa waliowataja wanyama wao, wengi waliwaweka katika duara ya katikati kabisa, mahali ambapo wengine huwaweka mama, mume au mke.

Ikiwa wewe ni mtu wa mjini huenda ukacheka ukisema hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba mwafrika hana muda wa kubembeleza mbwa. Taratibu, ndugu yangu. Kwa Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi, ng'ombe hakuwa bidhaa tu. Hata leo katika boma utasikia ng'ombe akiitwa kwa jina lake, mara nyingi jina la rangi yake, naye akageuza kichwa na kuja. Mzee akipotelewa na kila kitu, asubuhi bado yuko anayemngoja amkamue. Walichokifanya Waingereza wale ni kukiandika kitabuni kile ambacho wachungaji wetu walikijua bila kitabu.

Lakini kisa cha Popi hakikuishia kwenye ule ugali wa asubuhi, na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize kwa makini zaidi.

Siku moja jioni kijana wetu alipata "dawa" ya kule kucheleweshwa. Alimfunga Popi kamba shingoni, akachukua bakuli lake na unga uliosalia, akavuka kijito hadi kwa jirani yao, ajuza mmoja anayeishi na wajukuu.

"Kogo," alimwita, kama vijana wa huko wanavyowaita nyanya zao, "nakuomba unichungie Popi."

"Mpaka lini, weri?"

"Wewe mchunge tu. Ni mbwa mzuri, hali mayai."

"Unakwenda wapi?"

"Nasafiri."

Ajuza alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuwa na mkoba. Hakuwa amevaa viatu vya safari. Uso wake, ambao kwa miezi ulikuwa umekunjamana, jioni ile ulikuwa umetulia kabisa, na huo utulivu ndio uliomtisha ajuza. Hakumkemea. Alimwambia aingie, akabandika sufuria ya chai, akawatuma wajukuu wakalale. Kisha akamwuliza waziwazi, bila kuzungukazunguka: "Weri, unafikiria kufa?"

Kijana aliniambia kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo. Kaka zake walimwuliza mbona halimi. Mchungaji alimwuliza mbona haji ibadani. Ajuza ndiye wa kwanza kuuliza lenyewe, naye akalia hadi chai ikapoa.

Msomaji, tia alama hapa. Mtu anayekuwa na mawazo haya aghalabu hutoa dalili, na mojawapo ya dalili nzito ni kugawa vitu anavyovipenda. Tumezoea kuangalia saa, nguo na vitabu, tukasahau wanyama. Kijana anayempa rafiki paka wake ghafla, mzee anayegawa ng'ombe aliowapenda bila sababu inayoeleweka, mama anayekwenda kumkabidhi jirani kuku wake wote, hao wanahitaji kuulizwa. Inawezekana kweli wanahamia mji mwingine. Inawezekana karo imewabana. Uliza tu. Na ukiona mtu aliyekuwa na huzuni kwa muda mrefu ametulia ghafla huku akigawa vitu, usishangilie haraka kwamba amepona. Kaa naye.

Wako wanaoogopa kuuliza, wakidhani kwamba kulitaja jambo hilo ni kumtia mtu wazo. Wataalamu wamelichunguza suala hili na kusema sivyo. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujitoa uhai hakumpandishii wazo hilo. Kwa wengi ni kama kufunguliwa dirisha ndani ya nyumba iliyojaa moshi.

Ajuza yule hakuwa amesoma saikolojia, lakini jambo alilolifanya baadaye lingempatia alama zote katika chuo chochote. Hakusema, "Ukifa Popi atateseka kwa ajili yako." Huo ungekuwa mzigo mwingine juu ya mgongo uliokwisha kupinda. Alisema, "Popi nitamchunga, lakini kwa siku utakazokuwa hospitalini tu. Ukirudi umchukue." Usiku ule kijana alilala nyumbani kwa ajuza, mjukuu mkubwa akiwa macho karibu naye, na Popi mlangoni. Asubuhi wakaondoka watatu kwenda hospitali: ajuza, kijana na binamu yake.

Umeona alivyoyageuza mambo? Yule yule mbwa aliyeletwa kama kwaheri, ajuza alimfanya kuwa ahadi ya kurudi.

Na kuna siri nyingine katika maneno yake. Watu wengi wanaoishi peke yao na wanyama hukataa kwenda kutibiwa kwa sababu wanajiuliza: nikilazwa, nani atampa mbwa wangu chakula? Ng'ombe nani atamkama? Kwa mkulima swali hilo si upuuzi, maana ng'ombe asiyekamuliwa siku mbili huweza kuugua kiwele. Kwa hiyo, msomaji, badala ya kumwambia mtu "jikaze" au "mwombe Mungu" peke yake, mwambie hivi: "Nenda ukamwone daktari, ng'ombe wako nitamkama mimi." Tangu zamani Wakipsigis walikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe, mtu akimpa rafiki yake amtunzie, naye rafiki akinywa maziwa yake. Walisema ni njia ya kuepuka hasara ya ugonjwa na wizi. Lakini pia ilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu asiye na mwenzake. Desturi hiyo tunaweza kuifufua hata katika mitaa ya Nairobi na Nakuru, kwa paka, njiwa na samaki wa kwenye chupa.

Sasa nisije nikakupotosha. Usiondoke hapa ukakimbilia sokoni kumnunulia mbwa ndugu yako mwenye huzuni ukidhani umemtibu. Mnyama si dawa. Mtu ambaye hawezi hata kunawa uso huweza kuelemewa na kiumbe kinacholia njaa, na mnyama naye akateseka bila kosa. Anayefaa ni yule ambaye tayari anapendwa, au yule atakayetunzwa na nyumba nzima kwa pamoja. Aidha, mnyama hufa. Kwa aliyekuwa akimwegemea, kifo hicho ni msiba kamili, na ni ukatili kumwambia "ni mbwa tu, tafuta mwingine." Wiki zinazofuata ndizo za kumtembelea zaidi. Na kama mna mbwa, mpelekeni akachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Kenya ilijiwekea shabaha ya kukomesha vifo vya binadamu kutokana na ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na shabaha hiyo inaanzia langoni mwako.

Kuna hofu moja zaidi iliyowafanya wengi kunyamaza, nayo ni hofu ya polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, mtu akiweza kufungwa hadi miaka miwili. Aliyeokolewa leo aliweza kufikishwa kortini kesho. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili ni miongoni mwa waliokwenda mahakamani kukipinga, na tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akatamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo ukimpeleka ndugu yako hospitalini unampeleka akatibiwe. Nenda bila woga.

Mahali pa kuanzia hapako mbali. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Kericho mjini, na kwa upande wa Bomet iko Longisa. Hata kituo cha afya cha karibu kinatosha kwa kuanzia. Mwambie mhudumu ukweli wote, usijifiche nyuma ya "kichwa kinauma". Usiku ukiwa mrefu na hakuna wa kuzungumza naye, kuna simu: Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana bila malipo kwa nambari 1199, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Ikiwa hatari iko hapo hapo, usimwache mtu huyo peke yake hata kwa dakika tano.

Kwenu wanafunzi nina neno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujitoa uhai duniani, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo. Hao ni watu wa rika lako. Uliye bwenini Kabianga au kwenye chumba cha kupanga Nairobi huwezi kufuga mbwa. Lakini nyumbani kwenu yuko mnyama anayekujua. Piga simu, uliza: ndama ameachishwa kunyonya? Paka amezaa wangapi? Utashangaa jinsi swali dogo kama hilo linavyofungua mlango wa kusema, "Mama, mimi siko sawa."

Nanyi wazazi, mtoto anapopiga simu, msianze na matokeo ya mtihani. Anzeni na ndama. Mwambieni ndama anamngoja likizoni. Kisha nyamazeni kidogo, msikilize pumzi yake.

Ama kijana wetu, alitibiwa, na dawa alizopewa alizinywa miezi mingi. Alirudi hospitalini mara kadhaa kwa mazungumzo. Wazee waliketi na wadai wakakubaliana alipe kidogo kidogo. Kazi ya kampuni haikurudi. Siku hizi anachuna chai ya shamba dogo la familia, na siku nyingine anawachunia majirani kwa malipo. Hasemi kwamba mambo yamenyooka. Anasema kuna asubuhi ambazo wimbi hurudi, ila sasa anajua jina lake na anajua mlango wa kubisha.

Nilipomtembelea tulitembea naye hadi kituo cha kununulia majani, mzigo ukiwa mgongoni mwake na mawingu ya alasiri yakijikusanya juu ya vilima. Popi alitangulia. Kila hatua ishirini hivi alisimama, akageuza kichwa chenye lile sikio lililolala, akahakikisha kwamba bwana wake yuko nyuma, kisha akaendelea.

"Hufanya hivyo kila siku?" nilimwuliza.

"Kila siku," alijibu. "Anahesabu. Na idadi yake ni moja."

Msomaji, nawe leo hesabu walio nyumbani mwako, na wale walio mbali wapigie simu. Hadi Jumapili ijayo, kaa salama.